Kikombe cha Sita

Wenzangu wa kamati hunicheka kwa tabia moja. Tukienda kukagua nyumba za waombaji, nikikaribishwa chai, nainywa mpaka tone la mwisho, kisha nakigeuza kikombe na kutazama kitako chake. Katibu wetu, kijana mwenye heshima zake, aliwahi kuniuliza kama natafuta jina la kiwanda. Nikamwambia ndiyo, jina la kiwanda. Ulikuwa uongo. Natafuta nukta ya rangi. Huku kwetu Kilema vyombo vinatembea kuliko watu: sufuria inakwenda harusini, sahani zinakwenda msibani, vikombe vinakwenda kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani, na ili virudi kwa mwenyewe kila mama ana alama yake. Mmoja anachora msalaba kwa msumari, mwingine anaandika herufi. Mama yangu alitumia rangi nyekundu ya kucha. Nyumbani kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kupaka kucha. Kile kichupa kilinunuliwa Moshi mjini kwa ajili ya vikombe sita vyeupe vya udongo vyenye ua la bluu, na kilipokauka hakikununuliwa kingine.

Alhamisi iliyopita tumemzika Yasinta. Tumemzika kwenye kihamba cha kwao, shamba la ukoo, katikati ya migomba, hatua chache tu kutoka jikoni kwa mama yake, na tangu siku hiyo sijapata mlo wala usingizi wa maana. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilisomeshwa na mfuko wa hisani ambao siku hizi nimo kwenye kamati yake. Unalipia vijana ada za chuo, na miaka ya karibuni umeanza kuwapa mitaji wale wanaotaka kufungua biashara zao, huyu cherehani, yule mashine ya kutotolesha vifaranga. Kwenye mikutano huwa nasimamishwa nionwe. Mwenyekiti anasema, tazameni matunda ya mchango wenu, na watu wanapiga makofi, nami nainamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu. Nimeinamisha kichwa hivyo kwa miaka mingi. Sasa nataka kuusimulia ule mwaka kama ulivyokuwa, maana aliyeuishi pamoja nami ameshafukiwa.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne, mimi na Yasinta. Wote wawili tulikuwa tumepata barua za kukubaliwa chuo cha uuguzi, na wote wawili hatukuwa na ada. Mfuko ulikuwa na nafasi moja kwa kijiji chetu. Moja. Tukaambiwa Jumamosi watakuja wageni kutoka mjini kuona hali ya nyumbani kwa kila mwombaji, ndipo waamue. Ijumaa asubuhi nilikuwa nyuma ya jiko nachambua kahawa, nikasikia Mama Yasinta ameingia kwetu. Kuta za jiko letu zilikuwa za mbao zilizoachana, ungeweza kusikia hata mtu anavyomeza mate.

"Mama Felista, niazime vikombe vyako. Wageni wa mjini kabisa wanakuja kwangu na mimi nina vile vya bati tu."

"Mbona hata kwangu wanakuja?" mama akasema.

"Najua. Lakini mimi niko hapa juu barabarani, wataanzia kwangu. Wakiondoka watazunguka na njia ya gari. Yasinta atakatisha shambani, vikombe vitafika kwako kabla yao."

Mama akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukohoa. "Yaani wanywe kwenye vikombe vilevile nyumba mbili! Haya, chukua. Chukua na viti viwili, mimi wangu watakaa kwenye benchi. Na kile kitambaa cha meza, nisije nikasikia umewatandikia gazeti."

"Aika, Mama Felista. Aika sana."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi mno, na kila mara nashangaa jinsi tulivyokuwa hatujui kitu. Wale mama wawili, na sisi mabinti zao, hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba wageni wanakuja kuangalia umaskini. Mgeni kwetu ni mgeni. Akija unafagia uwanja, unachinja, unaazima usichonacho, na aibu kubwa kuliko zote ni mgeni kuondoka akasema pale hawana hata kikombe. Tulidhani tunashindana kwa ukarimu, na kwamba nyumba itakayowaheshimu zaidi ndiyo itakayopewa. Nani angetuambia kuwa huko mjini mambo yanapimwa kinyume?

Jumamosi nilikwenda kwa kina Yasinta mapema kumsaidia. Sebule yao ilikuwa imebadilika mpaka nikacheka. Viti vyetu viwili vilikaa pale kama vimezaliwa humo, kitambaa chetu mezani, na juu yake maua ya kahawa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililobanduliwa karatasi. Jogoo wao, tuliyekuwa tukimwogopa tangu tukiwa wadogo, alikuwa ameshaingia kwenye sufuria ya machalari pamoja na ndizi. Mama Yasinta alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu, akawa anatembea kwa shida kwa sababu ya viatu. Wageni walikuwa watatu, wazee wawili wa heshima na mama mmoja mwenye faili la kijani. Walikula, wakasifu, wakaongezewa. Yasinta alipiga goti akawanawisha mikono, nami nikaleta chai yenye maziwa na tangawizi. Nilipokuwa namimina kwenye kikombe cha yule mama, macho yangu yakaangukia faili lake. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa duara: viti vizuri, vyombo vizuri, kuku. Na chini yake: hali ya nyumbani inaridhisha, wanajiweza.

Chai ikafurika kwenye kisahani. Yule mama akasema si kitu, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Katika nyumba ile yote, katika kijiji kile chote, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua wageni wamekuja kutafuta nini. Nilikuwa na nafasi ya kumvuta Yasinta nyuma ya mlango nikamnong'oneza. Nilikuwa na nafasi ya kucheka kwa sauti na kusema, jamani viti hivi ni vyetu. Nikaweka birika chini, nikamwambia Yasinta naenda nyumbani kujiandaa, nikapita shambani mbio. Yeye akabaki kuosha vikombe.

Nyumbani mama alikuwa amesimama mlango wa nyuma akitazama migomba. "Vikombe viko wapi?" akaniuliza. Nikasema vinakuja. Gari likasikika barabarani likikata kona, na Yasinta hajatokea. Nilisimama pembeni ya mama na nikaomba, kwa moyo wangu wote, ule moyo niliokuwa nautumia kusali rozari, nikaomba vikombe visije.

Havikuja. Wageni wakakaa kwenye benchi, mmoja akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama maana chumba kilikuwa hichohicho. Mama alikuwa amepika kiburu cha ndizi na maharage, kilikuwa kizuri, lakini walikuwa wameshiba, wakaonja tu. Akawapa maji kwa kata moja ya plastiki, wakapokezana. Sijawahi kumwona mama akiona haya namna ile. Kila dakika aligeuza shingo kutazama nyuma. "Mtusamehe," akasema, "hali yetu ndiyo hii." Alimaanisha wamsamehe, wasubiri kidogo, chai iko njiani. Yule mama akaandika. Kisha akaniangalia kwa upole, upole kabisa, akaniuliza:

"Na kwa kina Yasinta tulikotoka, wanaishi vile siku zote?"

Nikasema, "Ndiyo."

Mama akanitazama. Alinitazama muda mfupi sana, kisha akainama akaokota punje ya haragwe iliyoanguka sakafuni. Hakusema neno siku ile, wala mwaka ule, wala siku alipokuwa anakata roho nikiwa nimemshika mkono. Sikupata kujua kama alininyamazia kwa sababu alinionea aibu, au kwa sababu na yeye alitaka niende.

Yasinta alileta vikombe jua likikaribia kuzama. Vilikuwa vitano, vimeoshwa vikang'aa, ndani ya beseni, na pamoja navyo bakuli la machalari lenye paja la kuku, kwa sababu kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. "Nimechelewa," akasema. "Maji yalikatika bombani, nikayafuata mfongoni." Mfongo ni ule mfereji wetu wa maji wa juu, na si mbali. "Kimoja kimebaki, nitakileta." Mama akamwambia usijali mwanangu, asante. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi wageni walipokuwa wamekaa. Yasinta akanitazama na kusema, "Kula, Felista, paja nimekuwekea wewe." Nikala. Mpaka leo nikila kuku sigusi paja, na wanangu wanadhani ni mambo ya daktari.

Jina langu lilisomwa baada ya misa, wiki chache baadaye. Yasinta alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Siku ya kuondoka alinisaidia kubeba sanduku mpaka barabarani, yeye mbele mimi nyuma, akaniambia nisisahau kumwandikia wanafundisha nini. Mama yake akanipa kitenge. Ndiyo, kilekile cha kanisani. Nilikikataa mara mbili kama adabu inavyotaka, mara ya tatu nikakipokea.

Bweni letu lilikuwa mjini, upande wa Mawenzi, chumba cha wasichana wanne na dirisha moja linalotazama mlima. Wenzangu waliupenda ule mlima. Mimi nilichagua kitanda kilichoupa mgongo. Tulikula ugali na maharage mchana na usiku, na asubuhi chai ya rangi kwenye vikombe vya bati, na kila vilipogongana kwenye karai la kuoshea moyo wangu uliruka. Kila muhula tulitakiwa kumwandikia mfadhili wetu barua ya shukrani. Wa kwangu alikuwa bibi mmoja wa ng'ambo, mjane, aliyekuwa akijinyima ili anilipie. Barua yake ya kwanza ilisomwa ofisini na sista aliyetutafsiria. "Anasema," sista akasoma akirekebisha miwani, "aliambiwa kwamba nyumbani kwenu hamna hata kikombe cha kumpa mgeni chai. Anasema siku aliyosoma hivyo alilia, ndipo akakuchagua wewe." Sista akanitazama kwa huruma. "Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, sista."

Na ndivyo nilivyoandika kwenye jibu. Niliandika kurasa mbili za umaskini, nikaweka na mvua inayovuja, ambayo ilikuwa kweli, na kikombe, ambacho hakikuwa kweli. Yule bibi alinipenda mpaka akafa. Simlaumu yeye, wala yule mama mwenye faili, ambaye aliandika alichokiona. Walitoa kwa moyo safi, na uchafu ukaingilia kwangu. Lakini nikisikia watu wakisema misaada haifiki inakotakiwa, huwa natoka nje ya chumba.

Krismasi nikarudi nyumbani. Nilimkuta Yasinta zizini anakamua ng'ombe. Alikuwa ameanza kupeleka ndizi sokoni Himo, mabega yamempanuka, na viganja vimekuwa vigumu. Nilifikiri hatataka hata kuniona. Akaniita, "Njoo na madaftari yako! Kaa hapo kwenye ndoo, unisomee." Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamsomea mifupa ya mwili wa binadamu, naye akarudia huku anakamua, mfupa kwa mfupa, maziwa yakipiga kwenye chombo. Baada ya siku tatu alikuwa ameikariri yote. Mimi nilikuwa nimeihangaikia muhula mzima. Siku ya nne akanisahihisha. "Hapana, Felista, umeruka mmoja wa kifundo cha mkono," akasema, akacheka, na mimi nikaingia migombani nikatapika, nikamwambia ni pombe ya mbege ya sikukuu.

Huo ndio mwaka wenyewe. Mengine ni ya kawaida. Nilihitimu, nikafanya kazi, nikaolewa, nikastaafu. Yasinta aliuza ndizi, kisha mitumba, akazaa, akafiwa na mume, akaendelea kuuza. Mwaka huu alipougua nilikuwa nakwenda kukaa naye wodini kila siku. Nilimlisha mtori kwa kijiko. Wauguzi vijana walinishangaa ninavyomgeuza na kumsafisha mwenyewe, wakadhani ni ndugu yangu. Siku moja alishika mkono wangu, akaanza kubonyeza kidole kwenye kifundo, polepole, akitaja mifupa ile midogo minane bila kukosea. Nikasubiri. Nilijua lazima aseme, au mimi niseme. Akamaliza wa nane akalala. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikashukuru kwamba amelala.

Baada ya maziko nilijiunga na akina mama waliokuwa wanaosha vyombo. Mama Yasinta, ambaye sasa anatembelea fimbo, akatuma niitwe jikoni. Alikuwa amekaa peke yake karibu na mafiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Hapo mlangoni unaniziba mwanga." Nikakaa. Akasema kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana: "Siku ile ya wageni alifika kwenu, ujue."

Nikamuuliza siku ipi. Nilijua siku ipi.

"Alifika na beseni lake mpaka nyuma ya jiko lenu. Akamsikia yule mama anakuuliza, na wewe akakusikia ulivyojibu."

Sikuweza kumtazama. Niliyatazama mafiga. "Kwa nini hakuingia?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyohivyo, kwa ukali. Akasema, mama, ningeingia na vikombe wangejua amewadanganya, tungekosa wote wawili. Bora aende mmoja. Akakaa humo migombani mpaka gari likaondoka."

"Alinisamehe?"

"Alilia wiki nzima, kwani yeye alikuwa malaika? Na alinikataza nisimwambie mama yako. Kusamehe sijui, Felista. Hilo ungemuuliza yeye, na muda ulikuwa nao." Hakulisema kwa ubaya, ndiyo maana liliniingia mpaka kwenye mfupa. Kisha akanyoosha mkono kwenye kichanja, akashusha kikombe cheupe chenye ua la bluu, kimevunjika mkono, kimejaa chumvi. "Alipotua beseni ghafla, hiki kikavunjika. Akaona aibu kurudisha kibovu, akasema atanunua kingine kama hicho. Hakukipata. Kimekaa na chumvi yangu miaka yote hii. Chukua, ni chenu."

Nikataka kumimina chumvi kwenye chombo kingine nimwachie. Akanizuia. "Kiende hivyohivyo. Utarudije nyumbani na chombo kitupu?" Nilipokuwa nainuka akaongeza, "Jumanne mnakuja kumkagua Anitha."

Anitha ni kitinda mimba wa Yasinta. Ananunua maziwa kwa majirani, anagandisha mtindi, anaupeleka Himo, na ameomba mtaji wa friji, maana nusu ya mtindi inamharibikia. Jina lake nililiona kwenye orodha yetu kabla mama yake hajafa, nikajifanya sijaliona. Orodha ni ndefu na friji ni moja.

"Tunakuja, mama."

"Basi mje. Safari hii siazimi kitu kwa mtu."

Leo ni Jumatatu. Chumvi nimeimimina kwenye kopo, kikombe nimekiosha, kiko mbele yangu ninapoandika. Nukta imebanduka nusu lakini bado ni nyekundu. Naogopa. Nimeogopa wafu tangu Alhamisi, na leo nawaogopa walio hai. Wenzangu huniachia neno la mwisho kila tunapokwenda Kilema, kwa kuwa ni kwetu; tutakapokuwa tumekaa pale, katibu atanigeukia aulize kama afanyavyo siku zote, "Bi Felista, hawa unawafahamu. Wanaishi hivi siku zote?" Nikiyanyamazia ya zamani na kusema ndiyo, itakuwa kweli, na Anitha huenda akapata, na mimi nitaendelea kupigiwa makofi. Lakini ndiyo yangu haina thamani, na wanaoitegemea wana haki ya kujua hivyo. Waamue juu ya Anitha kwa macho yao wenyewe, na juu yangu kwa maneno yangu.

Kwa hiyo kesho nitakwenda na kikombe hiki kwenye mkoba, nimwombe Mama Yasinta anitilie chai humo. Nitainywa mbele ya wenzangu, kisha nitakigeuza juu ya meza, nukta juu, nisubiri kijana aniulize tena kama ni jina la kiwanda. Hakina mkono, kitaniunguza vidole, na Mama Yasinta hutia tangawizi nyingi. Nitainywa polepole, maana nikimaliza itanibidi niseme.